Fundi Aliyelipaka Lori Unga

Siku aliyozikwa Fundi Lukumani, pale Kanyenye mjini Tabora, wanaume walikuwa wamekaa kwenye mikeka barazani na wanawake wamejaa uani. Akaingia mwanamke mmoja mrefu, mkavu, ambaye wengi hawakumjua. Alikuwa ametoka shamba, miguu imejaa vumbi mpaka magotini. Hakulia. Alipita katikati ya watu hadi ulipokuwa msumari wa mlangoni, akaitungua kofia ya marehemu, akajivika kichwani na kusema kwa sauti kubwa:

"Hebu mtazameni Mzaramo huyu! Jua limeshapanda, magari yanamsubiri, naye bado kalala! Mvivu toka ujana wake!"

Kisha binti mkubwa wa marehemu akaangua kicheko huku machozi yakimtiririka, na wanawake wengine wakacheka naye. Walijua kwamba mtani amefika.

Utani wa Wanyamwezi na Wazaramo ulianza enzi za misafara, wapagazi walipokuwa wakishuka na pembe hadi pwani na kupanda na vitambaa na shanga. Njiani walilala pamoja, wakauguzana, wakazikana. Ikawa desturi kwamba mtani anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako, akamkamata kuku wako, akakalia kiti chako, nawe huna ruhusa ya kununa. Msibani, yeye ndiye huwachekesha wafiwa.

Waliomjua Mwanne binti Mussa wangeshangaa kumwona siku ile. Mwanne hakuwa mtu wa mizaha, na kwa kushukuru ndiyo kabisa. Alikuwa amedhulumiwa mara nyingi mno kuweza kushukuru ovyo. Lakini kwa Lukumani alikuja kwa miguu.

Mwaka wa operesheni, watu walipokusanywa kuingia vijiji vya ujamaa, Mwanne aliiacha porini nyumba yake, shamba lake la mihogo, na mizinga ya nyuki aliyorithi kwa baba yake. Waliletwa Isenga, kijiji kipya kando ya barabara iendayo Ulyankulu, wakaonyeshwa viwanja na kuambiwa wajenge. Mumewe, Twalibu, alikuwa kwenye mafunzo ya udereva. Basi Mwanne alikata miti peke yake, akasimamisha nguzo, akakandika udongo, akaezeka nyasi. Nyumba ilipokauka vizuri, Twalibu alirudi na leseni mfukoni. Haukupita msimu, akaoa msichana mdogo aitwaye Maua, na Mwanne akapewa talaka. Akatoka katika nyumba aliyoikandika kwa viganja vyake, akafungasha sufuria na mkeka. Jirani yake Eustadia, mjane Mkatoliki, ndiye aliyemwachia chumba alichokuwa akiwekea mahindi.

Mwanne alikuwa na miaka arobaini na kitu. Hakuwahi kukaa darasani. Hakumlaani mtu hadharani, lakini kila jambo alilotendewa alikuwa analikumbuka kama vile limetokea asubuhi ya leo.

Pale kijijini kila mtu alikuwa na kazi yake kwa ajili ya wote. Wengine walilima tumbaku ya kijiji, wengine walikausha. Mwanne alipewa kukamua asali na kuyeyusha nta, kwa sababu alilelewa katikati ya nyuki. Kisha akaongezewa kazi nyingine: kuteka maji ya lori. Kila asubuhi abebe ndoo kutoka kisimani, apande kwenye bampa, amimine maji kwenye rejeta ya gari aliloendesha mtu aliyemwacha. Aliyepanga kazi ile ama hakufikiri, ama alifikiri sana.

Lori lenyewe lilikuwa fahari ya Isenga. Lilikuwa na kitu ambacho malori ya zamani hayakuwa nacho: chuma kilichojikunja kama konokono ubavuni mwa injini, kinachozungushwa na moshi wa injini hiyohiyo ili kusukuma hewa nyingi ndani. Mafundi walikiita tabo. Lori likipanda kilima na shehena, tabo lilipiga mluzi mwembamba uliosikika mbali, na watoto waliuigiza wakikimbia kando ya barabara. Twalibu alitembea kijijini kana kwamba mluzi ule unatoka kinywani mwake. Alikuwa na mtindo wake wa kufika: anaingia kwa kasi, anafunga breki mbele ya ofisi ya kijiji, anazima injini papo hapo, anaruka chini kabla vumbi halijatua.

Mwishoni mwa kiangazi lori likaanza kuugua. Asubuhi Mwanne alilikuta na dimbwi chini, na rejeta ikinywa maji zaidi kuliko kawaida yake. Ubavu wa tabo ulilowa oili nyeusi, na moshi wa nyuma ukawa wa buluu. Alimwambia Twalibu.

"Gari linavuja."

"Wewe kazi yako maji," Twalibu akamjibu. "Ya gari niachie mwenyewe."

Akaachiwa. Baada ya hapo lori likachemka na kufia porini likiwa na tumbaku yote ya kijiji, na mvua ya kwanza ikaikuta pale pale, turubai likiwa halitoshi. Walipokwenda kuichukua ilikuwa imeoza, jasho la msimu mzima.

Lori lilivutwa hadi Isenga kwa trekta. Watu walilizunguka wakiwa na hasira, wakitafuta pa kuipeleka. Twalibu akafungua kifuniko cha rejeta mbele yao, akachota maji kwa bakuli, akaliinua. Juu ya maji yalielea macho ya mafuta, ya manjano, yaking'aa juani.

"Tazameni," akasema. "Mafuta ndani ya maji. Gari zima linaungua kwa sababu hii. Mimi maji nateka mwenyewe? Ndoo za maji hapa analeta nani?"

Macho yakageuka. Mwanne alikuwa amesimama nyuma na ndoo yake.

"Mwanamke aliyeachwa ana lake moyoni," Twalibu akaongeza, taratibu, kama mtu anayesikitika.

Neno likatamkwa na mtu fulani katikati ya watu: hujuma. Miaka ile neno hilo lilikuwa zito kuliko wizi. Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Wenceslaus, hakuwa mtu mbaya, lakini aliogopa kijiji chake. Akasema fundi ataitwa kutoka mjini alitazame gari, kisha mkutano utakaa. Ikithibitika, Mwanne ataondoka Isenga na kukabidhiwa polisi.

Kuondoka kwenda wapi? Kwao palikuwa pori, tena ilikuwa marufuku kurudi huko. Mjini Tabora hakuwa na mtu. Eustadia peke yake ndiye aliyeendelea kumsalimu kwa sauti. Wengine walianza kupita njia ya nyuma ya nyumba ili wasikutane naye.

Fundi Lukumani alikuja na basi la Ulyankulu, akateremka na sanduku la spana lililomwinamisha upande mmoja. Alikuwa mzee mnene, mwenye ovaroli iliyofubaa na kofia ya kitambaa iliyotariziwa vizuri mno kwa mtu wa grisi. Babu yake alitoka pwani na msafara, akamwoa binti wa Tabora, hakurudi tena. Lukumani mwenyewe alijifunza ufundi kwenye magari ya jeshi wakati wa vita ya Wazungu, na huko ndiko sikio lake la kushoto lilikokufa. Alipenda sifa kupita kiasi. Alipenda chai ya tangawizi, tena apewe bila kuomba. Na alikuwa na mdomo.

"Nyinyi Wanyamwezi!" akapiga kelele kabla hajafika ofisini. "Mmezoea kubeba mizigo kichwani, mkipewa gari mnaliua! Si mngelibeba tu?"

"Karibu, Mzaramo!" wakamjibu wazee wakicheka. "Umeacha ngoma leo? Nani anakupigia ukatikie huku?"

"Nimekuja kuwakusanya. Nyote ni watumwa wangu. Mwenyekiti, toka kwenye kiti."

Mzee Wenceslaus akatoka, akicheka, na Lukumani akakaa. Mchana ule fundi alikula kwa Twalibu, wakacheka pamoja hadi sauti zao zikafika nyumba ya tatu. Mwanne alizisikia akiwa anapura mahindi na Eustadia.

"Wameshamnunua kwa kuku," akasema.

"Humjui bado," Eustadia akasema.

"Namjua Twalibu. Inatosha."

Alasiri Lukumani aliuliza nani anayeleta maji, na Mwanne akaenda na ndoo. Watu walikuwa wamejipanga kumtazama kama anayepelekwa kuchinjwa.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mke wangu," akasema Lukumani kwa sauti ya kusikika na wote. "Mbona umenuna? Bwana wako nimefika." Mwanne hakucheka. Fundi akamtazama kidogo, akaushusha utani kama mtu anayeshusha mzigo. "Nitahitaji maji mengi, dada. Kwanza tumwogeshe mgonjwa. Gari chafu halisemi linapouma."

Wakaliosha injini, yeye akisugua kwa brashi na mafuta ya taa, Mwanne akimimina maji, hadi chuma kikaonekana rangi yake. Kisha fundi akaomba kitu kilichowashangaza watu.

"Nileteeni unga wa muhogo."

"Wa kula?" Eustadia akauliza.

"Nitakula mimi? Atakula lori."

"Mwaka huu wa njaa, Mzaramo anataka kulisha chuma ugali!" akadakia mzee mmoja.

Lakini Eustadia akaleta. Lukumani aliukoroga na maji ukawa uji mwepesi, akaupaka kwa kitambaa kwenye rejeta, kwenye mabomba, kwenye lile konokono la tabo na mirija yake yote, kama anayepaka nyumba chokaa. Kufikia jua kushuka kidogo, unga ulikuwa umekauka na injini nzima ilikuwa nyeupe. Watoto walicheka wakasema lori limezeeka.

"Oili hudanganya," akamweleza Mwanne, kwa kuwa ndiye aliyekuwa karibu. "Inatoka hapa, upepo wa feni unaisukuma, unaiona kule. Mtu akifuata pale palipolowa atafungua injini yote bure. Mimi sifuati palipolowa. Nafuata palipoanza kulowa. Unga mweupe hauwezi kuficha."

Akawasha gari. Akauma kipande cha mti wa mninga kwa meno, ncha ya pili akaigusisha ubavuni mwa injini, macho ameyafumba. Sikio lake bovu hakulihitaji. Mlio ulipita kwenye meno. Gari likaunguruma hadi likapata moto. Mwanne alitazama weupe ule kwa makini kuliko alivyowahi kutazama kitu chochote, maana nafasi yake duniani ilikuwa humo.

Mstari wa kwanza ulitokea chini ya tabo. Mwembamba, wa kahawia, ukiteremka kwenye unga. Baadaye kidogo ukaja wa pili, chini ya rejeta, nyuma, upande wa feni: huo haukuwa na rangi, uligeuza unga kuwa uji tena.

"Mbili," Lukumani akasema. "Oili kivyake, maji kivyake."

Alichomoa kijiti cha kupimia oili. Oili ilikuwa nyeusi, safi. Ingekuwa na maji ndani ingegeuka kama uji wa maziwa. Akatazama mdomo wa rejeta injini ikizunguka. Hakukuwa na mapovu. Basi gasketi ya juu, inayotenganisha oili na maji, ni nzima. Kwa hiyo oili ya injini haikuwa imepata njia ya kuingia kwenye maji.

"Sasa haya macho ya manjano ni ya nini?" akauliza, na hakuwa anamuuliza mtu. Akachota maji ya moto ya rejeta akayatia kwenye sufuria, akaifunika na kuiweka kivulini, akaagiza chai, akanywa polepole. Walipofunua sufuria maji yalikuwa yamepoa, na juu yake macho yameshikana yakawa ngozi ngumu, ya manjano, inayovunjika. Lukumani akaifinya kwa vidole, akainusa.

"Hii si mafuta," akasema. "Hii ni nta."

Tabora nzima inaijua nta. Mnong'ono ukapita. Pale Isenga kila mtu alijua ni nani anayeyeyusha nta. Sauti zikaanza: "Si tulisema?" "Nta yote iko mikononi mwake." "Huyu alipanga mwenyewe." Twalibu alisimama mikono nyuma.

Mwanne alimsogelea fundi.

"Umenimaliza," akamwambia kwa sauti ya chini. "Ungenyamaza ikabaki mafuta, ningejitetea. Sasa ndiyo basi."

"Sijamaliza," Lukumani akasema.

"Mimi ndiye niliyekwisha."

"Dada, nimesema sijamaliza kazi. Kuna mtu alinilipa ninyamaze? Niachie nafasi nione."

Akaita, bila kuinua kichwa: "Twalibu! Kifuniko hiki cha feni kimewahi kufunguliwa?"

"Hakijafunguliwa tangu gari lifike hapa," Twalibu akajibu. "Spana ninazo mimi, na sijakigusa."

"Haya. Vizuri."

Akawafukuza watu wote, na Mwanne pia. Kutoka kwenye ua wa Eustadia fundi alionekana amelala chini ya lori, miguu tu nje, muda mrefu, akiimba. Alipotoka hakumwambia mtu neno. Akanawa, akaomba kubadilisha ovaroli, akamwambia Mwenyekiti aite mkutano sasa hivi, kabla jua halijazama, mbele ya lori.

Kijiji kizima kilikusanyika. Mwanne aliwekwa mbele, amesimama. Twalibu alipewa nafasi ya kusema, akasema vizuri. Alikuwa fundi wa maneno tangu alipomchumbia Mwanne. Alieleza jinsi alivyolitunza lori, jinsi kijiji kilivyopoteza tumbaku, jinsi nta ilivyopatikana na kila mtu ameiona. Akasema hana kinyongo na mtu. Watu wakaitikia.

"Fundi," Mzee Wenceslaus akasema, "tupe la kwako."

Lukumani akainuka. Lakini badala ya kusema alimwendea Twalibu, akampokonya kofia ya udereva, akajivika mwenyewe juu ya kofia yake. Watu wakacheka.

"Leo dereva mimi. Nyinyi hamjui magari, na huyu ndiye anayewaongoza kutojua. Nitawaonyesha. Mke wangu! Njoo." Mwanne akaja. "Umeshtakiwa kuweka nta. Sawa. Mimi nimeona nta ya ndani, na nimeona nyingine ambayo nyinyi hamjaiona: imesokomezwa kwa nje, kwenye tundu la rejeta, nyuma ya kifuniko cha feni. Lile tundu linalotoa maji. Onyesha ulivyoifikisha."

Mwanne akainama, akaingiza mkono. Haukupita hata kiganja. Kifuniko kilikuwa kimeziba nafasi yote. Akajaribu kutoka chini, akapiga magoti, akajaribu tena.

"Hapafikiki," akasema.

"Mpeni spana basi." Akapewa. Akaishika kama anavyoshika mwiko, akageuza huku na huku, watu wakacheka, lakini safari hii kicheko hakikuwa na meno. "Basi. Keti, mke wangu. Nitaoa mwingine." Akawageukia watu. "Mimi mwenyewe, mnanijua, nimefungua magari ya Mwingereza na Mwitaliano, leo kifuniko hiki kimenishinda nusu ya alasiri. Kina bolti nne mbele unazoziona. Ukizifungua zote, bado kinakataa. Kinashikilia. Na kama mimi nimeshindwa, Mnyamwezi gani ataweza? Mwenyekiti?"

"Mimi sijui, bwana."

"Mzee yule wa nyuma? Hapana? Nilijua. Kubeba mnaweza. Kufungua hamuwezi. Na huyu dereva wenu ndiye kabisa. Anajua kupiga honi tu. Usukani wenyewe amefundishwa na mkewe."

Watu walikuwa wanajishika mbavu. Mtani akikutukana hununi, lakini unaweza kumjibu, na Twalibu hakuwahi kuvumilia kuchekwa. Alikamata spana.

"Mzaramo, kaa pembeni ujifunze," akasema.

Akalegeza bolti nne za mbele. Kisha, bila kuinama kutafuta, bila hata kutazama, akazungusha mkono chini ya bomba kubwa la maji, mahali pasipoonekana, akafungua ya tano. Kifuniko kikaanguka mkononi mwake.

Lukumani hakucheka tena. Aliivua kofia ya udereva.

"Mimi ile ya tano niliitafuta hadi shingo ikakakamaa ndipo nikaipata," akasema. "Imejificha. Anayeijua ni aliyekwisha kuifungua."

Twalibu alikuwa bado ameshika kile kifuniko, na nyuma yake, kwenye rejeta, kila mtu aliona mabaki ya donge la nta iliyochanganyika na vumbi, ambayo pembeni, pasipoyeyuka, ilikuwa bado na alama ya kidole gumba kilichoisokomeza.

Ilibidi aseme. Alisema kwa mkato, akitazama chini. Alikuwa amewabeba wakwe zake na mizigo yao kwenda Ulyankulu, safari isiyo ya kijiji, na huko kisiki kikachoma rejeta. Aliogopa. Akakumbuka baba yake alivyokuwa akiziba vilindo, yale mapipa ya magome ya kuwekea asali, kwa nta. Asali haivuji hata tone. Akatia donge moja ndani ya rejeta, lingine akalisokomeza nje. Gari likiwa baridi lilishika kama limezaliwa nalo.

"Na likipata moto inayeyuka," Lukumani akamalizia. "Maji yanatoroka, nta inaelea. Asali haichemki, mtani. Injini inachemka. Na wewe ukifika unazima hapo hapo ili wasichana wakuone. Tabo bado linazunguka, jekundu kwa moto, na oili imekatwa ghafla. Inaungulia humo. Mrija wa kurudishia oili nimeukuta umejaa ukoko mgumu kama wa chungu cha ugali. Oili ikikosa pa kurudi hutoka pembeni. Haya yote ni lori moja na mtu mmoja."

"Sikukusudia kumtaja Mwanne," Twalibu akasema. "Maneno yalikuja tu."

Mwanne aliyasikia hayo, na kwa miaka mingi baadaye hayo ndiyo yaliyomchoma zaidi ya mashtaka yenyewe. Maneno hayaji tu. Alichagua wa kumpa mzigo, na akachagua yule ambaye hakuna atakayemuuliza mara mbili.

Mzee Wenceslaus alikuwa anahangaika na aibu yake, hajui aanzie wapi. Lukumani ndiye aliyemwokoa.

"Mimi ni mtani, nimeshahukumu," akasema. "Twalibu nimemkamata, ni mtumwa wangu, hataendesha tena mpaka nimwachie. Mwenyekiti umemsimamisha mke wangu juani, faini yako jogoo. Nyinyi wengine mliojibu 'ndiyo, ndiyo', mtanisukumia lori kila likigoma, hadi kiyama."

Watu wakacheka kwa shukrani ya kuonyeshwa pa kutokea. Hakuna aliyemwomba Mwanne radhi. Walikuja tu kusimama karibu naye, mmoja akamwondolea jani begani, mwingine akamuuliza habari za mguu wake uliokuwa umepona zamani. Mwanne alizitambua nyuso zote, na zile zilizopita njia ya nyuma alizitambua mara mbili.

Lukumani alibaki Isenga mpaka lori likapona. Aliziba rejeta kwa risasi ya kuunganishia, moto wa mkaa ukipulizwa kwa mivukuto. Akaukwangua mrija wa tabo ukang'aa. Washa za shaba, zile pete za maungio ya mrija, akazichoma zikawa laini, akazirudisha. Alimfundisha dereva mpya kuliacha gari lipumue kabla ya kuzima. Mwanne ndiye aliyempikia chai, na hakuombwa.

Siku ya kuondoka, Mwanne alimfuata barabarani.

"Fundi, kwa nini? Hukunijua."

Lukumani alikuna sikio lake bovu. "Nilikuomba maji, ukaleta mengi kuliko niliyotaka, na ulikuwa unalia ndani kwa ndani. Aliyeharibu gari hataki lioshwe." Kisha akaona aibu ya kusema vizuri, akaongeza, "Tena wewe ni mke wangu. Nitamwachaje mtu anitukanie mke?"

Mwanne alicheka. Eustadia, aliyekuwepo, alisema ilikuwa mara ya kwanza kumwona meno tangu wahamie Isenga.

Basi lilipokwishaondoka, Mzee Wenceslaus alikuwa anamsubiri mbele ya ofisi. Alisema kijiji kimeamua Mwanne abaki, jina lake ni safi, na kama anapenda anaweza kuendelea na kazi ya maji ya lori, maana wameona anaifanya kwa moyo.

"Sitaki," Mwanne akasema.

Mzee akapepesa macho.

"Maji ateke anayelipanda. Mimi mmenileta hapa, nikajenga, nikatolewa. Mmetaka kunitoa tena. Kama nabaki, nataka kiwanja kwa jina langu, si cha mume, si cha jirani. Nakitaka kule mwisho, penye miombo, nitundike mizinga."

"Kule ni mbali na watu, Mwanne."

"Ndiyo maana."

Mzee Wenceslaus akafikiri, akainuka, akachukua panga lake mwenyewe. Walikwenda watatu, yeye, Mwanne na Eustadia, wakapita katikati ya kijiji mchana kweupe, kila mtu akiwaona. Kufika penye miombo, mzee akakata vigingi, na Mwanne akamwonyesha pa kuvipigilia. Alipopigilia cha kona ya tatu, mzee akauliza kama hapo patatosha.

"Sogeza mbele," Mwanne akasema, na mzee akasogeza.